Miwani Ipo, Magemu Yako Wapi?

Wiki iliyopita ugomvi ulizuka kwenye korido yetu ya hosteli, na kwa mara ya kwanza muhula huu haukuwa ugomvi wa ndoo wala wa spika usiku wa manane. Jamaa wa chumba cha mwisho ana PS5, aliletewa na kaka yake anayefanya kazi Muscat. Sasa anataka kuongeza miwani ya VR, ile PlayStation VR2. Hoja yake ni fupi: ilipotoka ilikuwa dola 549.99, tangu Machi 2025 ni dola 399.99. "Wanangu, imeshuka mia na hamsini nzima. Nasubiri nini tena?" Nusu ya korido ikamuunga mkono. Mimi nikamuuliza swali moja tu: utacheza nini? Akacheka. Akataja lile gemu la kupanda milima, akataja la magari, halafu akanyamaza.

Ukimya ule ndio ulionifanya niandike. Kubishania mashine tunajua sana. RAM tunazijua, inchi tunazijua, na hata asiye na simu ya maana anaweza kukuchambulia simu yako mpaka ukajuta kuinunua. Ila mashine ya gemu ni kama redio, unainunua kwa ajili ya kitakachosikika humo. Na miwani hii, tangu siku ya kwanza, tatizo lake halijawahi kuwa mashine.

Kwa ambao hawajaiona: VR, au uhalisia pepe, ni ile teknolojia ya kuvaa miwani mikubwa inayofunika macho yote, ukigeuza shingo na dunia ya ndani inageuka nawe. PSVR2 ilitoka tarehe 22 Februari 2023, na kwenye magemu ya PlayStation haifanyi kazi bila PS5. Hapo ndipo watu waliposhtuka, maana PS5 yenyewe wakati huo ilikuwa dola 499.99 kule Marekani, na ile isiyo na sehemu ya diski dola 399.99. Yaani kiambatisho kilikuwa ghali kuliko mashine mama. Ni kama ununue pikipiki halafu helmeti iwe na bei kuliko pikipiki.

Kwa haki yao, kazi waliyoifanya ni kubwa. Kila jicho linapata picha ya nukta 2000 kwa 2040 kwenye kioo cha OLED, na picha inaweza kubadilika hadi mara 120 kwa sekunde. Kamera nne zimejengwa kwenye miwani yenyewe kufuatilia unavyosogea, na inaingia kwenye PS5 kwa waya mmoja tu wa USB-C. Kaka yake, PlayStation VR ya 2016, alikuja na kisanduku cha pembeni, nyaya za kutosha kuanikia nguo, kamera ya kuweka juu ya TV, na vijiti vya Move vilivyokuwa sokoni tangu 2010. Safari hii hadi macho yako yanafuatiliwa: PS5 inajua unatazama wapi, inachora vizuri pale na kulegeza pembeni ili nguvu isipotee bure. Kuna hata kimota kidogo cha kutetemesha kichwa. Niliivaa jioni moja tu nyumbani kwa rafiki, na sitajifanya kwamba sikuduwaa.

Sasa tuje kwenye rafu.

Sony walitangaza magemu zaidi ya 30 kwa kipindi cha uzinduzi. Ukisikia namba hiyo unaona mambo si mabaya. Lakini hebu yataje kwa majina. Moss ni la 2018. Tetris Effect ni la 2018. Job Simulator lilikuwepo kwenye uzinduzi wa miwani ile ya kwanza, 2016. Rez Infinite nalo lilikuwepo 2016, na Rez lenyewe ukilifuatilia hadi mzizi ni gemu la 2001, wakati baadhi yetu hatujazaliwa. Pistol Whip, Demeo, No Man's Sky, yote watu walishayacheza kwenye miwani nyingine kabla. Hivi ni viporo. Na mimi sina ugomvi na kiporo. Wali wa jana ukipashwa vizuri na chai ya rangi asubuhi unaweza kuzidi chakula cha hotelini. Tetris Effect kwenye kioo kile ni kitu cha kukutoa machozi. Ila ukimwalika mtu karamu ya dola 550, usimletee sahani nne, tatu zikiwa za jana.

Kuna jambo lingine ambalo halikupigiwa kelele za kutosha. Magemu ya miwani ya kwanza hayafanyi kazi kwenye ya pili. Sababu inaeleweka kiufundi: ile ya zamani ilitegemea kamera ya mbele na taa za kwenye vijiti, hii inategemea kamera zake yenyewe na pedi tofauti kabisa. Kwa hiyo kila gemu lilibaki mikononi mwa waliolitengeneza. Wengine waliwapa wateja wao wa zamani toleo jipya bure, wengine wakatoza kiasi, wengine wakakaa kimya hadi leo. Astro Bot Rescue Mission ya 2018, ambayo wengi wanaiona kama gemu bora kuliko yote ya miwani ile, haikuvuka. Blood & Truth haikuvuka. Skyrim VR haikuvuka. Iron Man VR, lililotoka 2020 kwa ajili ya PSVR, lilivuka kweli, lakini likavukia ng'ambo: studio iliyolitengeneza, Camouflaj, ilinunuliwa na Meta, na Novemba 2022 gemu likatua kwenye Quest 2, miezi mitatu tu kabla PSVR2 haijatoka.

Mtu aliyekusanya magemu kwa miaka sita, siku ya kuboresha miwani anaanza upya. Hii inauma hasa sisi ambao kila gemu tunalinunua kwa kujinyima kitu.

Gemu kubwa la uzinduzi, lile lililotengenezwa maalumu, ni Horizon Call of the Mountain, kazi ya Guerrilla na Firesprite. Dakika zake za kwanza ndizo zile unazoziona kila mtu akizionyesha: umekaa ndani ya mtumbwi, mikono imefungwa, mto unapita taratibu, na mnyama-mashine mwenye shingo ndefu kama ya twiga anavuka juu yako mpaka unainama bila kujijua. Baada ya hapo unapanda miamba. Unapanda kwa mikono yako mwenyewe, mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, unasimama kurusha mishale, unapanda tena. Ni zuri. Lakini ni la saa chache, na likiisha limeisha. Ni kama kuonyeshwa nyumba mpya: unapitishwa sebuleni, jikoni, unaangalia mandhari dirishani, unasifu. Halafu unauliza, haya, kulala wapi?

Nisije nikaonekana mtu wa kuponda tu. Lipo gemu moja ambalo kila nikibishana kuhusu VR linanirudi. Linaitwa Before Your Eyes. Lilitoka kwanza 2021 kwenye kompyuta, likitumia kamera ya kawaida ya laptop, na Machi 2023 likaja PSVR2. Wewe ni roho ya mtu aliyekufa. Umo ndani ya mashua, mvushaji ni mbwa mwitu, na anataka umsimulie maisha yako. Unaona kumbukumbu: mama yuko kwenye piano, bahari iko mbele, rafiki wa jirani anakuita. Na kila unapopepesa macho, macho yako mwenyewe ya kweli, muda unaruka mbele. Kumbukumbu imepita. Unaweza kujikaza usipepese ili umsikie mama amalizie sentensi, macho yanawasha, machozi yanatoka, mwisho unashindwa, unapepesa, na mama hayupo tena.

Sijui mtu anaweza kuielezeaje TV ya kawaida ikufanyie hivyo. Zile kamera za kufuatilia macho, ambazo kwenye tangazo ni kipengele kimoja katikati ya vipengele kumi, hapa ndizo gemu lenyewe. Synapse, lililotoka Julai 2023, nalo lilitumia macho kwa akili: unatazama pipa au adui, unabana pedi, unamnyanyua hewani kwa unachokitazama. Hivyo ndivyo mashine mpya inavyojitetea, kwa kufanya kitu ambacho mashine ya zamani haiwezi. Before Your Eyes linaisha ndani ya saa mbili hivi, sawa, lakini sijawahi kusikia mtu akilalamikia urefu wake.

Tatizo ni kwamba magemu kama hayo hayaendeshi biashara ya mashine ya dola 550. Yanayoiendesha, na hapa ndipo hoja yangu ilipo, ni wageni.

Angalia PSVR2 ilivyobebwa. Gran Turismo 7 lilikuwa sokoni tangu Machi 2022 kama gemu la kawaida la TV. Siku ile ile miwani ilipotoka, wenye gemu wakapata sasisho la bure, na karibu gemu lote, ukiacha mbio za watu wawili kugawana skrini, likachezeka ndani ya miwani. Unakaa kwenye kiti cha dereva, unageuza shingo kuangalia kioo cha pembeni, unaona mshindani anavyokunyemelea kwenye kona. Resident Evil Village la 2021, sasisho la bure siku hiyo hiyo. Resident Evil 4 jipya, lililotoka Machi 2023, likapewa VR bure Desemba ya mwaka huo huo. No Man's Sky, bure kwa mwenye gemu. Machi 2025 likaja Hitman World of Assassination, hili kwa kulipia nyongeza. Muulize yeyote mwenye PSVR2 akutajie magemu matano anayorudia. Matatu hapo yatakuwa magemu ambayo hayakuzaliwa ndani ya miwani.

Kwa nini? Hesabu tu, na hata sisi tusiosoma uchumi tunaiweza. Tuseme kwa mfano wenye miwani wako milioni mbili, na mmoja kati ya kumi ananunua gemu lako. Hiyo ni nakala laki mbili. Kwa studio ya watu kumi na tano zinaweza kutosha. Kwa gemu la ukubwa wa Resident Evil, lenye mamia ya wafanyakazi kwa miaka mitatu au minne, laki mbili ni msiba. Lakini gemu likishajilipa kwa mamilioni ya watu wa TV, kuongeza VR ni kazi ya ziada juu ya nyumba ambayo tayari ina paa. Si kazi ndogo: lazima mikono iwe mikono, bunduki ijazwe risasi kwa kuchomoa magazini na kupachika nyingine, picha isiyumbe watu wakatapika. Capcom waliifanya mara mbili na ikatoka safi. Inawezekana.

Na namba zenyewe zinasema nini? Sony walisema PSVR2 iliuza karibu 600,000 katika wiki sita za kwanza, asilimia 8 zaidi ya ile ya kwanza kwa muda kama huo. Wapenzi walishangilia. Ila wakati huo PS5 zilizouzwa duniani zilishazidi milioni 35. Yaani katika kila watu mia wenye PS5, waliovaa miwani hawafiki wawili. Hata PSVR ya kwanza, iliyofikisha milioni 5 mwishoni mwa 2019, ilikuwa ikiogelea kwenye bahari ya PS4 zaidi ya milioni 100. Mtengeneza gemu anayaona haya kabla yako.

Naomba turudi 2016 kidogo, kwa sababu kuna watu kwenye korido walisema "kila mashine huanza na magemu machache, mpe muda." Hoja nzuri, na historia iko upande wao, kwa nusu. PSVR ilitoka Oktoba 2016 kwa dola 399. Rafu yake ya mwanzo ilikuwa ya ajabu ajabu: Batman: Arkham VR lililoisha kabla hujamaliza soda, Until Dawn: Rush of Blood ambalo ni kukaa kwenye kiberenge ukipiga risasi vinyago, Thumper, RIGS la mpira wa maroboti. Studio iliyotengeneza RIGS, Guerrilla Cambridge, Sony wakaifunga Januari 2017, miezi mitatu tu baada ya uzinduzi. Mtu angesema basi, imekufa. Lakini mwezi huo huo likaja Resident Evil 7, gemu zima tangu mwanzo hadi mwisho ndani ya miwani, na ghafla kukawa na sababu ya kuwa nayo. Skyrim VR likaja mwishoni mwa mwaka. Astro Bot 2018. Blood & Truth 2019. Rafu nzuri ya PSVR ilijengwa mwaka wa pili na wa tatu, na sehemu kubwa ilijengwa na Sony wenyewe au kwa msukumo wao.

Kwa hiyo mwaka wa pili ndio kipimo. Na mwaka wa pili wa PSVR2 ulikuwaje? Firewall Ultra, gemu la risasi la mtandaoni lililochapishwa na Sony wenyewe, lilitoka Agosti 2023. Desemba mwaka huo huo studio yake, First Contact, ikatangaza kufunga, ikitaja kukosekana kwa msaada kwa VR kwenye sekta. Februari 2024 Sony wakatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 900 wa PlayStation, na humo humo London Studio ikafungwa, wale wale wa PlayStation VR Worlds na Blood & Truth. Mwezi uliofuata Bloomberg wakaripoti kwamba utengenezaji wa PSVR2 umesimamishwa kwa muda kwa sababu zilizopo hazijaisha. Agosti 2024 ikaja adapta ya dola 59.99 ya kuunganisha miwani kwenye kompyuta.

Hii adapta inanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Kupitia kompyuta, mwenye PSVR2 anaweza hatimaye kucheza Half-Life: Alyx, la 2020, ambalo wengi wanalihesabu kuwa kilele cha VR hadi leo. Lakini akifika huko, kufuatilia macho hakufanyi kazi, mtetemo wa kichwa haufanyi kazi, HDR hakuna. Yaani anaachwa na kioo kizuri tu. Vile vitu vilivyofanya miwani hii iwe yenyewe vinabaki kwenye PS5, ambako magemu ya kuvitumia ni ya kutafuta kwa tochi.

Na Astro Bot? Yule karoboti mdogo aliyeng'arisha miwani ya kwanza alirudi Septemba 2024 na gemu lake jipya. Likashinda tuzo ya gemu la mwaka kwenye The Game Awards. Ni la TV. Halina VR hata chembe. Mimi sioni tangazo lolote la Sony linaloeleza msimamo wao juu ya PSVR2 vizuri kuliko hilo. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hiki ni kizuri, na bado kimebidi kitembezwe, kipunguzwe bei, kipelekwe hadi kwa jirani mwenye kompyuta.

Wa jirani nao wana mambo yao. Beat Saber, lile la kukata vipande kwa mapanga ya mwanga kufuata muziki, lilifika PSVR2 Mei 2023. Lakini studio yake ni ya Meta tangu 2019, na Meta ndio wenye Quest. Juni 2025 wakatangaza kwamba toleo la PlayStation halitapata masasisho mapya. Gemu maarufu kuliko yote kwenye rafu yako linamilikiwa na mshindani wa miwani yako. Hapo unategemea nini?

Kuna jambo ambalo waandishi wa gemu wa Ulaya na Marekani hawawezi kulisema kwa sababu hawaliishi. Wengi wetu hatukukutana na PlayStation sebuleni kwetu. Tulikutana nayo kwenye kibanda cha gemu mtaani: TV mbili au tatu, benchi la mbao, unalipia mechi, aliyefungwa anatoka, na watu kumi nyuma wanakufundisha kucheza kana kwamba wao wamewahi kushinda. Gemu kwetu ni kelele za watu. Miwani ya VR inamchukua mmoja na kumfungia ndani, wengine mnabaki mkimtazama anavyopiga hewa. Ndiyo, TV inaonyesha anachokiona, lakini jaribu kukaa dakika ishirini ukitazama shingo ya mtu mwingine ikigeuka.

Cha ajabu, 2016 walilijua hili. The Playroom VR, lililotolewa bure, lilimpa mwenye miwani jukumu moja na wenye pedi kwenye TV jukumu lingine. Mmoja ni zimwi linaloangusha majengo kwa kichwa, wengine wanakimbia na kumrushia vitu. Keep Talking and Nobody Explodes ndilo kabisa: aliyevaa miwani analiona bomu, wengine wana kitabu cha maelekezo lakini hawalioni, na kila mtu anapiga kelele "waya wa bluu! ni ya ngapi? sema haraka!" Nipe gemu hilo kibandani Ijumaa jioni na sitaondoka. Safari ya pili sikuona Sony wakihangaika sana na upande huo. Walijenga kiti cha mtu mmoja.

Basi hatima yake? Wapo wanaosema imekufa. Mimi nadhani tunakosea kuiita konsoli. Ukiipima kama konsoli, inayohitaji gemu jipya kila mwezi, kweli marehemu. Ipime kama usukani. Kuna watu wananunua usukani na pedali za gari kwa bei inayoshinda ya miwani hii, kwa ajili ya Gran Turismo na magemu mengine mawili matatu, na hakuna anayelalamika kwamba usukani hauna magemu yake. Hiyo ndiyo nafasi ambayo PSVR2 inaweza kuishi kwa amani kwa miaka: kifaa cha kuingia ndani zaidi kwenye gemu ambalo tayari unalipenda. Na hapo Sony wana deni ambalo wala si la pesa nyingi kama kujenga upya studio walizofunga. Wachukue magemu yao makubwa wenyewe, moja kwa mwaka tu, walipe sasisho la VR kama Capcom walivyofanya. Polyphony ni watu wa Sony na waliweza kwa Gran Turismo. Wengine wa ndani wamekwama wapi? Kama hawataki, wawaambie wateja wazi kwamba hiki ni kiambatisho, mtu atoe hela akijua.

Maana ni hela. Dola 400 kabla ya usafiri na ushuru ni kama milioni moja ya shilingi. Kuna mtu hapa chuoni bumu lake la muhula mzima anaishi nalo kwa kulikata vipande vipande kama sabuni ya mche. Sisemi mwanafunzi asinunue starehe. Nimechoka na wale wanaotaka tule ugali na kusoma tu. Lakini mashine ya gemu ni ahadi, unalipa leo kwa ajili ya vitu ambavyo havijatengenezwa. Na unapolipia ahadi, angalia huyo aliyeahidi amefanya nini tangu mara ya mwisho.

Ushauri nilioutoa koridoni haukuwa "usinunue." Nilimwambia jamaa afungue PS5 yake tuangalie orodha ya magemu aliyonayo tayari, tuhesabu yenye VR. Tusihesabu yatakayokuja, tusihesabu yaliyoko dukani. Yaliyomo humo ndani tu. Tukakaa watu sita kitandani kwake, akawa anapita moja moja. EA FC, hapana. Spider-Man, hapana. God of War, hapana. Gran Turismo 7, ndiyo. Mortal Kombat, hapana. Resident Evil 4, ndiyo, na kumbe hakujua. Sasisho lilikuwepo dukani bure muda wote.

"Mawili," nikasema.

"Mawili na nusu," akajibu. "No Man's Sky ni la kaka, lakini nina akaunti yake."

Bado hajaamua. Jana nimemkuta anatafuta bei ya usukani.